Kunuka na Kunukia

Shida ya kuuza udi mtandaoni ni kwamba harufu haipiti kwenye simu. Muuza madera hupiga picha dera likipepea, mpika biriani hupiga picha sahani ikifuka mvuke, na wewe mtazamaji mate yanakutoka. Udi ukiupiga picha ni vipande vyeusi vinavyong'aa sukari, na asiyeujua atadhani ni makaa yaliyomwagikiwa soda. Kwa hiyo sikuwa na cha kuwaonyesha watu. Nilikuwa na maneno tu, na yale niliyoyategemea zaidi niliyaweka juu kabisa ya ukurasa wetu: Kila mkebe umenuswa na mama kabla ya kufungwa.

Na ilikuwa kweli. Mamangu amekuwa akipika udi wa kuchemsha kwa sukari na miski hapa nyumbani Mtopanga, Kisauni, tangu sijazaliwa, na pua yake nilitaka kuilinganisha na ya mbwa wa polisi, Mungu anisamehe. Ukiingia sebuleni alijua umepitia wapi. Mafuta ya miski yaliyochanganywa aliyakataa dukani kabla kifuniko hakijatoka vizuri, akamwacha muuzaji akiapa wallahi peke yake. Nilipoanza kumtangazia udi wake alinicheka.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Wewe wakitembeza cha nini?"

Lakini oda zilipoanza kuingia, za Nyali, za Likoni, hata za kina dada walioolewa Nairobi, kicheko kilikwisha. Akawa ananiuliza kila jioni watu wamesema nini leo. Uso wake hakutaka uonekane kwenye video. Ilionekana mikono tu, yenye hina, ikikoroga sufuria.

Kisha akashikwa na homa na mafua makali. Alipopona tulichinja kuku kwa shukrani. Baada ya wiki chache nilirudi kutoka sokoni, nikasikia harufu ya wali ulioungua tangu mlangoni. Mama alikuwa amekaa kando ya jiko anakata vitunguu, ametulia, anaimba kidogo.

"Mama, wali!"

Akaniangalia mimi kwanza, kisha sufuria. Akajua kwamba nimejua.

"Tangu ile homa," akasema. "Hata vitunguu hivi sivisikii. Macho yatoka machozi, pua haina habari."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika husema ovyo. Nilimuuliza kwa nini alinificha, kana kwamba ni mimi niliyepotelewa na kitu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Udi ulikuwa kazi yake na heshima yake, na sikujua angekuwa nani bila huo udi.

Yeye alikuwa na wasiwasi mwingine. "Yale maneno yafute," akaniambia.

"Yapi?"

"Ya kuwa mimi nanusa. Sinusi."

Nikambishia. Mkono ni uleule, vipimo ni vilevile, nani atajua?

"Mimi nitajua. Mtoto wa watu afukize nguo zake za harusi kwa kuamini pua yangu, nami pua sina? Siswi hatukulelewa hivyo."

Kufuta hakukumtosha, akataka kusema mwenyewe. Nikashika simu, naye akaweka mikono mapajani juu ya kanga, safari hii bila mwiko. "Assalamu alaikum," akaanza. "Mimi ndimi mpika udi. Niliugua, nikapona, alhamdulillah, lakini pua haikurudi. Sasa anusaye ni mwanangu, naye bado yuwajifunza. Mwenye oda akitaka kuivunja ni haki yake, wala sitamkasirikia." Kisha akaniashiria nizime.

Wapo waliovunja oda siku ileile. Mmoja aliandika kwamba mpika udi asiye na pua ni sawa na kinyozi kipofu, na mimi nikamjibu jibu ambalo mama alinilazimisha kulifuta. Wengi walimwombea dua. Na bibi harusi mmoja wa hapa hapa Kisauni aliandika kwamba yeye anangoja, udi uje utakapokuwa tayari.

Huyo ndiye aliyemliza mama. Alipomaliza kulia alifungua sanduku akatoa vipande vya udi bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, alivyoviweka akiba kwa ajili ya harusi yangu ya pili, maana ndoa ya kwanza ilivunjika, harusi ambayo, niseme kweli, sikuwa na haraka nayo. Akapika kwa macho na masikio, akitazama povu la sukari na kusikiliza linavyochemka. Alipoipua sufuria na udi ukapoa, tukaweka kipande juu ya makaa kwenye chetezo, akanisogezea.

"Haya, mwanangu. Wanuka ama wanukia?"

Kwa Kiswahili tofauti ni silabi moja. Nikavuta ule moshi. Sukari ilikuwa imeungua, na udi ule wa thamani umezama chini yake. Nikamtazama mamangu. Alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kibao alichokalia, midomo tayari kutabasamu. Nilimpenda wakati ule kiasi cha kutaka kumpa ile silabi. Nilikuwa nayo ulimini.

"Wanuka, mama."

Akaangalia chetezo. "Wanuka nini?"

"Sukari imeungua. Na miski imezidi."

"Udi wenyewe?"

"Hausikiki."

Akaweka mkono kifuani. Nilidhani nimemvunja moyo, nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Nyamaza. Nilikuwa naogopa utanionea huruma," akasema. "Ungenionea huruma, ningebaki peke yangu."

Machozi yalinitoka, na moshi nikausingizia. Mama akapigapiga kile kibao kunipa nafasi.

"Ndoo ukae hapa. Nambie tena, polepole. Imeungua vipi hiyo sukari?"

Akafumba macho. Nikakaa ubavuni mwake, nikaanza kumweleza.