Mbolea Niliyokataa Kuimwaga

Ng'ombe wetu wanne walikufa kwa ugonjwa katika msimu mmoja, na kibanja cha Mhaya, shamba lile la migomba linalozunguka nyumba, kisipopata samadi hakichukui muda kukuumbua. Tulikaa karibu na Muleba, mimi na mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa Uganda akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Migomba ikakonda, mikungu ikatoka midogo kama ya kuchezea, tukawa tunaongeza magimbi ili chungu kijae.

Ndipo bwana shamba alipokuja na baiskeli yake kutufundisha mbolea ya kuozesha. Nilipanga lundo kama alivyoelekeza: vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, nyasi za kule uwandani, maganda ya kahawa, majivu ya jikoni. Alisema miezi mitatu inatosha. Miezi mitatu ilipotimia nikaimwaga yote kwenye machipukizi mapya. Baada ya wiki mbili majani yalikuwa ya njano, kingo zimekauka kama zilizomwagiwa maji ya moto.

Nililia. Mama mkwe aliinama, akachukua konzi ya ile mbolea, akainusa.

"Mwanangu," akasema, "ulichokimwaga kilikuwa bado kinajipika."

Nikaanza lundo jingine. Safari hii nililigeuza kwa jembe kila lilipotulia, nikalifunika kwa majani ya mgomba, na kiangazi nikalinywesha maji ya kuoshea vyombo. Katikati nilichomeka fimbo ndefu. Kila asubuhi niliichomoa na kuishika, kama unavyomshika mgonjwa shingoni kupima homa.

Bwana shamba alirudi mvua zikikaribia.

"Mama, mbona hujamwaga? Wenzako wote wamemaliza."

"Bado haijaiva, Bwana."

"Miezi mitatu imepita."

"Imepita, lakini mbolea haijui kuhesabu."

Nikachomoa fimbo, nikampa. Aliibadilisha mkono kwa sababu ya joto, ila hakukubali. Akasema mvua ikinyesha nitapoteza kila kitu, akaandika kwenye daftari lake kwamba mimi ni mbishi. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Kibanja hiki anakilisha yeye," akasema. "Mwache."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akinisemea mbele ya mtu wa serikali.

Mvua zikaanza. Nikajaza mbolea kidogo kwenye kigae kimoja na udongo mtupu kwenye kingine, nikapanda maharage kwenye vyote viwili. Kwenye mbolea yalichelewa, yakatoka yamejikunja. Nikangoja. Nikajaribu tena, fimbo ikiwa tayari inatoka baridi, na kwenye lundo hungeweza tena kutofautisha kigogo na nyasi. Kila kitu kilikuwa cheusi, kinamumunyuka vidoleni, kinanukia ardhi iliyopata mvua. Maharage yakaota siku moja na yale ya udongo, tena manene kuliko yale.

Nikamwita mama mkwe. Tulibeba mbolea ile kwa vikapu siku mbili mfululizo, tukaizungushia kila shina na kuifunika kwa nyasi.

Migomba iliitika. Majani yakawa mapana hata mama mkwe akalalamika kwamba uani kumeingia giza, na alilalamika akicheka. Mkungu wa kwanza tuliubeba wawili kwa mti begani, tukapumzika mara mbili kabla ya kufika jikoni.

Bwana shamba alipokuja tena alizunguka kibanja kizima. Kisha akauliza kama anaweza kuniletea watu. Wiki iliyofuata wakaja wanaume zaidi ya ishirini, baadhi wametoka mbali upande wa Ngenge, wakasimama kwenye kibanja chetu na kofia zao mkononi. Nilitazamia bwana shamba aanze kuhutubia.

"Mama ndiye atakayesema," akawaambia.

Nikawaambia wakunje mikono ya mashati, wauingize mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya lundo jipya nililokuwa nimelianza. Wakafanya hivyo, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa nimesimama pembeni nikiwauliza wanahisi nini.