Kilemba cha Mama Kwenye Mikoko

Mama yangu amepika katika nyumba moja ya mtaa wa matajiri wa Kitisuru kwa miaka mingi. Wenye nyumba ile hukaa barazani kila Jumamosi na darubini, wakitazama ndege, naye alizoea kurudi mtaani kwetu Woodley akiuliza wanatafuta nini hasa. Yeye alitaka kuona heroe tu, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo. Kila Desemba, basi la kwenda nyumbani magharibi likipita Elementaita, yeye huona ukanda wa waridi mbali ziwani, kisha basi linakunja kona.

Mwaka jana nilipopata likizo nilimchukua kwa treni hadi Pwani, kwenye hifadhi ya mikoko ambako heroe hutua misimu fulani.

Asubuhi ya matembezi Mama akatoka chumbani amevaa kilemba cheupe. Katika kanisa lake, mojawapo ya yale yaliyozaliwa kwetu magharibi, hakuna safari bila kilemba, na hakivuliwi mbele ya watu. Tangu chuo kikuu nimekuwa nikimwambia kitambaa hakizuii ajali. Hunijibu kwamba yeye hajawahi kupata ajali.

Kiongozi wetu, mwenyeji wa pale mwenye sauti ya upole, alikitazama kile kilemba akakohoa kidogo. Akaeleza kwamba maji yamekupwa, ndege wako karibu na daraja la mbao, na kitu cheupe kinachosogea kitawarusha wote kabla hatujafika.

"Na yule?" nikauliza, nikimwonyesha yangeyange aliyesimama matopeni, mweupe kama chumvi. "Nani alimwambia abadilishe nguo?"

Mama akacheka. Kiongozi naye akacheka, lakini hakulegeza. Ndege wenzake wamemzoea yangeyange, alisema. Kichwa cha mtu hawajakizoea. Kilemba kivuliwe, au mwenyewe abaki kwenye banda la wageni.

Nilidhani sasa atakivua, nami nimeshinda ubishi wetu wa miaka yote. Mama alivuta kiti cha plastiki kivulini, akakaa, akaniambia niende, nikirudi nimsimulie. Alisema kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulionisumbua. Ningemsimulia nini? Mtu anasimuliaje rangi?

Nikavua jaketi langu la kijani lenye kofia, nikampa. Alilishika bila kulivaa. Huniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la babake, na jambo zito huniuliza kana kwamba anamuuliza yeye.

"Baba, nikikifunika, ni sawa na kukivua?"

Hoja yangu ilikuwa tayari: kitambaa ni kitambaa. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na alikuwa anangoja jibu.

"Hapana, Mama. Kiko kichwani. Anayepaswa kukiona atakiona."

Mpaka leo sijui kama ninaiamini ile sehemu ya mwisho.

Mama alivaa jaketi, kofia juu ya kilemba, tukatembea polepole darajani, mbao zikilia chini ya miguu. Mikoko ikaachana, na kwenye maji ya kina kifupi walikuwapo, heroe wachache, wamezamisha midomo, wanakula. Mmoja akainua shingo, akatutazama, akaendelea kula. Kiongozi akamnyooshea Mama darubini. Hakuipokea. Alishika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, macho wazi.