Ripoti Iliyokuwa Bado Inamtaja Bibi

Juzi, Iguguno, nilikuwa nasubiri muhuri kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa alizeti. Mzee mmoja akaingia kuulizia mbegu. Dada wa kompyuta akamwamkia, akafungua ripoti ya wanachama.

"Jina la bibi lipo, babu. Mifuko miwili."

Mzee akavua kofia. "Bibi tulimzika mwezi wa nne. Nilikuja hapa hapa nikaandikisha."

Dada akaeleza kwamba taarifa za chama zilihamishiwa akaunti mpya ya mtandaoni, ila ripoti hii hakuna aliyeiunganisha upya, kwa hiyo bado inasoma ile ya zamani. Akaiunganisha palepale. Jina la bibi likatoweka. La mzee halikuwepo, maana mwanachama alikuwa mkewe.

"Jaza fomu ya kujiunga, babu. Mbegu utapata msimu ujao."

Mzee hakuigusa fomu. Alinyooshea skrini kidole.

"Ile ya mwanzo huwezi kuirudisha, nikaitazama tena?"

Miaka yote nimelalamikia ofisi zisizorekebisha makosa yake. Siku hiyo niliona kosa likirekebishwa mbele yangu, nikakosa pa kutazama.