Kiti cha Mwanga

Baba yangu ni fundi seremala Keko, na vidole vyake vyote kumi anavyo. Kwa mtu aliyezeekea mbele ya msumeno wa umeme, wenzake hulitaja hilo kama cheo. Mimi napiga picha za harusi na, nikichoshwa na keki, nafanya michezo yangu.

Mchezo wenyewe ni kuchora kwa mwanga. Kamera inakaa kwenye stendi gizani, lenzi inaachwa wazi kama nusu dakika, na mtu anapitisha tochi hewani. Njia yote iliyopita tochi inabaki kwenye picha. Mchoraji, akivaa nguo nyeusi na asipotulia mahali pamoja, haonekani. Nilitaka baba achore kiti namna hiyo, tukitumie kwenye tangazo lake.

Tulifanyia stoo ya karakana yake, mchana, dirisha tumeliziba kwa plaiwudi.

"Miaka yote natengeneza vya kukalia, leo wanitaka nitengeneze cha kutazama," alisema, ila koti lake jeusi la misibani alikuwa ameshalivaa.

Akachora mguu, akachora kikalio, akamalizia mgongo, bila kusita. Kwa macho, mkono ulikwenda vizuri tu.

Kwenye kioo cha kamera kiti kilitokea, vipimo vyote sawasawa. Lakini mistari ilikuwa na meno madogo madogo, kama zipu, kutoka chini hadi juu. Niliyatazama nikaelewa kuwa tochi imeandika mtetemo wa mkono ambao macho hayakuuona, na niliogopa. Nje msumeno ulikuwa unaunguruma, na zamu iliyofuata ya kuushika ilikuwa ya baba.

"Tochi zenu hizi za Kichina," alisema baba. "Hazitulii."

"Labda."

"Hebu chora wewe."

Nikachora. Kiti changu kilikuwa kituko, mguu mmoja mfupi, mgongo umelala kama mlevi. Nilikuwa naomba na mimi nipate meno. Sikupata hata moja. Mistari ilitoka laini mwanzo hadi mwisho.

Baba alizitazama picha zote mbili, akarudia ya kwanza. Kisha akautia mkono wa kulia mfukoni.

"Usimwambie mama yako."

"Mama anajua, baba. Tangu mfungo anakujazia chai nusu kikombe."

Nilidhani atanigombeza.

"Mie nikajua maziwa yamepanda bei," alisema.

Tukacheka, kwa sababu ilichekesha. Halafu akavua koti, akalikunja vizuri, na hatukulizungumza tena.

Kesho yake nilimpelekea picha aione kubwa. Msumeno alikuwa ameushika fundi mwenzake. Baba alikaa pembeni kwenye kigoda, msasa mkononi, maranda yamemjaa magotini. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua uso. Alikuwa anasugua, taratibu, kiti kilichokatwa na mtu mwingine.