Sikumwogopa Ngiri

Nilijikojolea mbele za watu. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana kwa wengine mtasikia vibaya, mtaambiwa Adela wa kidato cha tatu aliona ngiri mbugani akalowa kwa woga, na habari hiyo imeshazunguka kutoka shuleni mpaka Majengo, hata mama mmoja anayeuza dagaa pale sokoni (simjui, naye hanijui) juzi aliniangalia akauliza, "Ndiye wewe?" Ndiye mimi. Lakini woga haukuwepo, na naandika haya nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha, na mwalimu wetu wa baolojia, Mwalimu Lusambo, akasema huu ndio wakati maua yanachipuka mbugani Katavi, tukichelewa nyasi zitayafunika na hatutayaona tena mpaka mwakani. Mwalimu Lusambo anapenda maua kama watu wengine wanavyopenda mpira. Anayakata, anayalaza kati ya magazeti ya zamani, anayakalia mpaka yakauke. Misheni wakatuazima Land Rover yao iliyo wazi nyuma, yenye mabenchi mawili, na nyuma humo tukapakiwa wavulana kibao na wasichana wawili tu: mimi, na Beatrice wa kidato cha kwanza, mtoto wa kutoka Katumba, ambaye haongei kabisa, yaani mimi ninayeitwa bubu, nikikaa karibu na Beatrice naonekana mpiga debe. Mbele alikaa dereva, na Mwalimu Lusambo, na Madam Editha, mwalimu wa kike, ambaye aliletwa kwa ajili yetu sisi wasichana (hilo likumbukeni, kwa ajili yetu).

Asubuhi nyumbani Nsemulwa, pale Mpanda, mama alinijaza chai. "Kunywa mwanangu, huko porini hakuna hoteli." Nikanywa kikombe, akaongeza, nikanywa.

Tulipofika getini Sitalike, pale wanapoandikisha magari, choo kilikuwepo. Nakiri. Kilikuwa kizuri tu, cha bati, upande wa pili wa uwanja. Ila pipa la maji na kopo lake vilikuwa mbele ya ukuta mfupi, na juu ya ukuta huo wamekaa wavulana wote wa darasa langu, Zakayo kiranja yuko katikati kama mwenyekiti wa kikao, na ili niende chooni ilibidi nipite mbele yao, niiname, nichote kopo, kisha nivuke uwanja mzima nimelibeba, na kila mtu anajua msichana aliyebeba kopo la maji anaenda kufanya nini. Nikajiambia, aa, nitajizuia, tutasimama mahali. Basi ni hilo tu. Hakuna jingine nililokosea siku ile, mengine yote walikosea wao.

Maana tulisimama. Tulisimama sana. Zakayo akijisikia haja, anagonga bodi, gari linasimama, wavulana wanaruka chini wanajipanga kwenye tairi la nyuma, na mimi na Beatrice tunageuza shingo kuangalia milima kana kwamba milima imetuita. Askari wa wanyama tuliyepewa getini, yule mwenye bunduki, aliyetuambia kwa sauti nzito kwamba humu ndani ni marufuku mtu kushuka kwenye gari, naye anasema tu, "Haraka vijana," kama vile wako kwenye kazi ya taifa. Hakuna hata mmoja aliyesema, na nyie wasichana je? Si askari, si mwalimu. Madam Editha kule mbele alikuwa ameweka pochi yake mapajani, anaangalia kioo, hageuki.

Tukatokea kwenye mbuga yenyewe. Nataka kuwaambia ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzuri, mpaka Beatrice akanishika mkono. Nyasi zilikuwa zimeungua kiangazi na sasa zinarudi fupi fupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa, na katikati ya kijani hicho kuna maua ya njano, mengi, halafu meupe yanayotoka ardhini bila jani, halafu yale mekundu ya duara yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa. Pundamilia walikuwa wamesimama ndani ya maua mpaka magotini. Twiga watatu wanatuangalia. Mimi nilikuwa nimebana magoti, nimebana meno, nahesabu misukosuko ya gari, na ndorobo, wale nzi wanaouma kupita hata sketi, wananiuma na siwezi hata kujipiga vizuri maana kila nikisogea najiona namwagika.

Tena mbuga haina kichaka. Ni tambarare mpaka macho yanachoka. Kitu pekee kilichosimama ni kichuguu kimoja kikubwa, mbali na njia, kirefu kuliko mtu. Nikakitazama kichuguu kile kama mtu anayetazama kwao.

Sasa, Mwalimu alikuwa ametuambia atakayeona ua ambalo bado halijachumwa agonge bodi. Na mimi, ambaye darasani sijawahi kunyoosha kidole hata nikijua jibu, nikagonga bodi.

"Nani?" Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Mimi, mwalimu. Nimeona ua."

"Rangi?"

"Zambarau." (Sijui ilitoka wapi hiyo zambarau.)

"Liko wapi?"

"Nyuma ya kile kichuguu."

Zakayo akasema, "Adela anaona nyuma ya kichuguu. Mwenzetu ana macho ya mganga." Wakacheka. Lakini Mwalimu Lusambo hakusikia lolote baada ya neno zambarau, akamwambia dereva akate kushoto, na dereva akaguna kwamba huko ni tope jeusi, likishika haliachii, na Mwalimu akasema, "Kata tu, bwana, maua hayaoti barabarani." Gari likaacha njia.

Kama hujawahi kupita mbugani pasipo na njia, na ndoo imejaa pomoni ndani yako, naomba usinicheke. Ardhi ile ina matundu ya nyayo za viboko na nyati yaliyokauka tangu masika iliyopita, kila tundu ni ngumi ya tumbo. Pundamilia wakakimbia, korongo wakaruka, maua yanalala chini ya matairi, wavulana wanapiga kelele za furaha, na mimi nimefumba macho nasali sala zote ninazozijua, hata ile ya kuombea mavuno. Halafu gari likaacha kuruka. Likakaa. Matairi ya nyuma yalikuwa yamezama.

Dereva akazima injini akasema, "Nilisema."

Hapo nikafurahi. Kweli, nilifurahi, maana wote watashughulika na gari na mimi nitaenda zangu kwenye kichuguu, hakiko mbali sasa. Nikashuka nikaanza kutembea. Nasikia hatua nyuma yangu. Ni Mwalimu Lusambo, ana magazeti kwapani, uso umechangamka. Nyuma yake askari na bunduki, kwa sababu mtu haendi peke yake. Nyuma ya askari Zakayo na jembe la gari, ametumwa aje achimbe ua na mizizi yake. Yaani nilitaka faragha, nikapewa msafara.

Nikazunguka kichuguu. Wakazunguka.

"Liko wapi, binti?" Mwalimu anauliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi.

"Nafikiri ni upande ule mwingine."

Tukazunguka tena. Sasa hivi natembea kwa hatua za bata, miguu haiachani.

"Adela," Zakayo akasema, "hilo ua lina miguu?"

"Mwache aangalie," askari akasema, akimaanisha nyamaza.

Nikainama kwenye shimo lililokuwa chini ya kichuguu, najifanya natafuta, kumbe nilikuwa nainama kwa sababu kusimama wima nisingeweza tena. Na ngiri akatoka. Alikuwa amelala mle shimoni, akatoka kama amerushwa, mkia juu, akapita kati yangu na Mwalimu, magazeti yakapaa, Zakayo akatupa jembe akakimbilia garini (alikimbia, andikeni hilo, mwanaume mzima kiranja), na askari akaruka pembeni akakaa kitako kwenye maua. Mimi sikukimbia. Mimi nilisimama pale pale. Nilisimama kwa sababu ilikuwa imeshaanza, na ikishaanza hakuna wa kuizuia, ikashuka, ikajaa kwenye viatu, na haikuisha. Chai yote ya mama. Gari lote lilikuwa linatuangalia.

Halafu Zakayo, kutoka garini, bado anahema: "Jamani, Adela kamwona ngiri kajikojolea."

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini Mwalimu Lusambo akaamua kunitetea. Aliturudisha garini, akasimama mbele ya wavulana walioegemea mabeleshi, akasema, "Msimcheke mwenzenu. Mtu akishtuka ghafla mwili unatoa homoni, misuli inalegea, kibofu kinaachia. Ni jambo la kawaida kwa viumbe wote." Akaendelea hivyo, mimi nimesimama pembeni nalowa, nimekuwa mfano wa somo.

Zakayo akanyoosha kidole. "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?"

Nikataka kusema. Nikataka kusema sikuogopa, nilibanwa tangu Sitalike, nyie mlisimama kwenye tairi kila mara na mimi nikabana. Lakini nikisema hivyo lazima niseme pia kwamba ua halikuwepo, na gari limekwama kwa ajili ya ua hilo, na Mwalimu bado anauliza kama zambarau ile ilikuwa nyepesi au nzito. Kwa hiyo ama ni mwoga, ama ni mwongo. Nikanyamaza, nikawa mwoga.

Madam Editha akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni akanifunga kiunoni, akanikaza kwa nguvu. "Msichana mkubwa kama wewe," akanong'ona. "Mwanamke anajizuia, Adela. Utaolewa na nani?" Machozi yalinijaa kwa hasira, wao wakadhani bado nina hofu.

Walichimba muda mrefu. Hakuna mti wa kukata matawi, wakang'oa benchi moja wakaliweka chini ya tairi, na juu yake nyasi, na juu ya nyasi maua, yale mekundu na yale meupe, mikono kwa mikono, na Mwalimu Lusambo aligeuka asione. Nyati walikuwa wamesimama mbali, safu nyeusi, wanatutazama bila haraka. Gari lilipotoka, wavulana wote ni tope mpaka masikioni, na wote sasa wananiita Ngiri.

"Ngiri, sogea hapa kwenye kona."

"Msimshtue Ngiri, gari litalowa."

Tulikuwa tumerudi njiani, tunaelekea getini, jua limelegea, pale Beatrice alipoweka mdomo kwenye sikio langu. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya panya. "Dada, nimebanwa."

"Tangu lini?"

"Tangu getini."

Nikamwangalia. Alikuwa amebana magoti, anatazama mbele, jasho kwenye pua, amekaa hivyo siku nzima ubavuni mwangu na mimi sikuona, kwa sababu alikuwa anafanya vizuri kile kile nilichokuwa nafanya mimi. Amebakiza kidogo tu awe mimi. Kuna kitu kikakatika kichwani. Nikasimama, nikagonga bodi, si kwa vidole, kwa ngumi zote mbili.

Gari likasimama. "Ua?" Mwalimu akatoa kichwa.

"Si ua," nikasema, na sauti ilitoka kubwa mpaka nikashtuka mwenyewe. "Wasichana wanataka kukojoa. Wavulana wameshuka siku nzima na hakuna aliyetuuliza. Hata mimi kule sikumwogopa ngiri, mkojo ulinibana tangu asubuhi, ndiyo maana nikasema kuna ua. Hakukuwa na ua. Zakayo ndiye aliyekimbia."

Mwalimu Lusambo alinitazama, uso ukamshuka taratibu.

"Hakukuwa na ua?" akasema.

"Hakukuwepo, mwalimu. Samahani."

Mlango wa mbele ukafunguka. Nikajua Madam Editha anakuja kunichapa kofi, nikatengeneza shavu. Alishuka, akaweka pochi kwenye kiti, akashika mgongo wa chini kama mama mjamzito.

"Twendeni," akasema bila kunitazama. "Hata mimi."

Askari akashuka akasimama ametupa mgongo, bunduki begani. Mwalimu akawaamuru wavulana wote wageukie milima, na safari hii milima iliwaita wao. Tukachuchumaa watatu kwenye nyasi, Madam katikati, na ilichukua muda, jamani, ilichukua muda, hata Beatrice akaanza kucheka.

"Tangu Mpanda," Madam akasema, anaangalia mbele. "Tangu nyumbani kwangu."

"Sasa Madam, kule ulivyonisema..."

"Nyamaza, Adela. Kojoa." Ila lile neno la mwanamke anajizuia halijarudi tena mdomoni mwake, nimekuwa nikimsikiliza.

Zakayo bado ananiita Ngiri, na shule nzima bado inaamini ya Zakayo kwa sababu inachekesha kuliko ya kwangu. Mimi nimeapa. Juzi nilienda Kibaoni kwa shangazi, nimepanda lori la magunia, watu wamekaa juu, na kabla dereva hajawasha nikasimama, masikio yananiwaka, nikamuuliza mbele ya abiria wote, "Kaka, wanawake utawashushia wapi wajisaidie?" Wanaume wakacheka. Dereva akanitazama kama nimetukana. Nikabaki nimesimama mpaka akajibu, akasema mtoni, basi, kaa chini. Nikakaa. Na mama mmoja mzee aliyekuwa nyuma yangu, amekumbatia kuku wake, akashusha pumzi ndefu, akasema taratibu, "Asante, mwanangu."