Walioiogopa Mvua Nkuhungu

Utoto wangu unanukia saruji mbichi. Mwaka tulipohamia Nkuhungu, pembezoni mwa mji, kila upande palikuwa na mtu anafyatua matofali, na vumbi lake lilitua mpaka kwenye uji. Baba, mchuuzi wa vitunguu kutoka kijiji cha Busi, alikuwa amepata kiwanja kwa bei ya kutupa: tambarare, kigumu, hakina hata kichaka. Udongo wake ulikuwa mweusi, wenye nyufa za kuingiza mkono. Sisi watu wa nchi kavu tukitafuta ardhi huuliza maji yako wapi. Yanapita wapi, hatuulizi. Nyumba ilikwisha kuezekwa pale mama, akichimba shimo la taka, alipotoa magamba makavu ya konokono wa majini, viganja viwili tele. Akamwonyesha baba. Tangu siku hiyo baba akawa mtu wa kutazama mbingu, nami nikaanza kuogopa bila kujua naogopa nini.

Mvua ikachelewa. Bibi mzaa baba, aliyekuwa kwetu kwa matibabu ya macho, aliuliza kila asubuhi kama Busi kumenyesha, maana uwele wa ndugu zetu ulikuwa unakauka shambani. Msikitini wakatangaza swala ya kuomba mvua. Tukatoka wote uwanjani juani, wanaume wakageuza shali zao ndani nje, kama ilivyo desturi, ili Mungu naye aigeuze hali. Sheikh akaomba, watu wakaitikia. Nilikuwa nimeshika kanzu ya baba. Midomo yake haikucheza.

Njiani nikamuuliza, "Baba, mbona hukusema amina?"

Bibi akasimama. "Hukuitikia? Wenzako Busi watakula nini?"

"Na sisi tutalala wapi, mama?"

Bibi akanishika bega, tukaendelea na njia.

Mvua ilikuja wiki ileile. Maji yaliingia kwa mlango wa uani yakatokea sebuleni, wala hayakuwa na haraka. Ukuta wa jiko ulilala chini. Bibi alikaa kitandani amekunja miguu, anasema alhamdulillahi huku machozi yakimtoka, na hadi leo sijui alikuwa analilia lipi.

Baba aliinua msingi, nasi tukabaki. Lakini mji nao ukaja. Palipokuwa na mbuga ya kutuama maji sasa pana lami, kuta, mapaa yanayomwaga maji yote kwa pamoja, na njia ya yale maji imebanwa ikawa kichochoro. Wakati ule aliyeiogopa mvua mtaani kwetu alikuwa baba peke yake. Mwaka huu imechelewa tena. Ndugu wa Busi wamepiga simu tuwaombee, na tangazo la swala limeshatoka. Jana nimewasikia majirani zangu, watu wazima na waumini, wakiulizana kwa sauti ya chini kama swala hiyo haiwezi kuswaliwa hukohuko Busi. Nilitaka kuwakemea. Nikaogopa wasije wakaniuliza mimi naonaje.