Hilaria Hajafa, Alichelewa Tu

Hilaria Bura wa kijiji cha Daudi si mtu wa kuchelewa. Siku ya semina ya wakulima wa vitunguu saumu alichelewa kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa, na ndama alikuwa ametanguliza miguu ya nyuma. Aliingia semina ikiwa ukingoni, kanga ina damu. Katibu wa kikundi, Evaline, binti anayependa Kiingereza kuliko ugali, akaandika kando ya jina lake neno moja: late.

Orodha ikaenda kwa wafadhili wa mradi wetu wa umwagiliaji, ofisini kwao mjini. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Wanatoa pole kwa msiba, na kipande cha marehemu kwenye shamba la umwagiliaji kikabidhiwe kwa mrithi. Shemeji yake, Ignasi, hakuuliza nani kafa. Alikuja na jembe kesho yake asubuhi.

Mwenyekiti akatuita wanakikundi pale pale shambani. Evaline akamsogelea Hilaria, akasema shikamoo kwa sauti ndogo.

"Marahaba," Hilaria akajibu. "Tangu lini maiti anaamkiwa?"

Mwalimu mstaafu Patriki akafungua kamusi yake iliyobanduka gamba. Akatueleza kwamba neno ni hilo hilo moja, ila lina maana mbili: aliyechelewa, na aliyefariki. Zamani sana Waingereza walimwita hivyo mtu mzito, wa polepole. Habari za kufa zilikuja baadaye.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hilaria hakucheka. Kipande kile ndicho kilichosomesha wanawe wawili tangu awe mjane, na hana kingine chenye maji. Mwenyekiti, kwa kuogopa muhuri wa barua, akasema kosa litafutwa na ofisi yenyewe. Kwa sasa Hilaria asikanyage shamba, na alete uthibitisho kwamba yu hai. Hapo kicheko kilinikauka, nikapandwa na hasira. Mtu amesimama mbele yako, anapumua, halafu unamdai karatasi?

Hilaria akamwendea Ignasi, akashika jembe. Ignasi akaliachia. Hilaria akavua viatu, akaingia kwenye tuta la kwanza.

"Evaline, andika kwa Kiingereza chako," akasema bila kugeuka. "Marehemu ameingia shambani saa mbili na nusu asubuhi. Atakayekuja kumtoa, aje na jeneza."